Marehemu Franco: Mpiga Gitaa Aliyekiongoza Kikosi cha OK Jazz

Mwisho wa mwezi, katika miaka ya 1960 na 1970, kambi nyingi za askari hapa Uganda zilikuwa na sauti moja. Mishahara imekwisha kulipwa, kantini imejaa, walio zamu wamekwenda lindoni wakinung'unika, na juu ya meza ya pembeni sahani ya santuri inazunguka huku sindano ikikwaruza. Muziki wenyewe ulitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, nasi tuliuita Lingala tu, kana kwamba lugha na dansi ni kitu kimoja. Wengi wetu hatukuyaelewa maneno. Daima alikuwapo mwenzetu mmoja, mtu wa Arua au wa Bwera, aliyekuwa amevuka mpaka mara nyingi, naye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Tulimnunulia bia, akatufasiria wimbo mstari kwa mstari, na hata leo tunashuku kwamba nusu ya aliyotufasiria aliyatunga mwenyewe.

Kila mtu alikuwa na bendi yake. Walikuwapo wafuasi wa Joseph Kabasele na African Jazz, walikuwapo wa Tabu Ley Rochereau, na walikuwapo waliokuwa tayari kushikana mashati kwa ajili ya gitaa la Docteur Nico. Sisi tulikuwa watu wa OK Jazz, na watu wa OK Jazz walikuwa watu wa Franco. Leo tunaisimulia habari ya marehemu huyo kwa wasomaji wetu wa majeshi na wa polisi. Utamu wa gitaa lake kila mwenye masikio anaujua, hatuna haja ya kuutetea. Lililotuvuta ni jambo jingine ambalo ujanani hatukulifikiria: namna mtu huyu alivyotawala watu. Bendi haina kiapo wala mahakama ya kijeshi. Mwimbaji akichukizwa Jumapili, Jumatatu anaimba kwa jirani, wala hakuna wa kumkamata kwa utoro. Hata hivyo OK Jazz, iliyoundwa mwaka 1956, ilikuwa bado imesimama siku Franco alipofariki mwaka 1989. Ni miaka 33.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, magharibi ya nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji, akapewa jina la François Luambo Makiadi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, mtoto akiwa bado mchanga. Mwaka 1949 baba alifariki, na mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mama, Hélène Mbonga Makiese, aliyekuwa akiuza mandazi sokoni katika mtaa wa Ngiri-Ngiri. Shule ya kijana ikaishia hapo. Alijitengenezea gitaa kwa mkebe wa bati, na nyuzi akazipata kwa kuuchuna waya wa umeme, akawa anakaa karibu na meza ya mama yake na kulipiga ili wapita njia wasimame. Waliosimama walinunua mandazi. Ebengo Dewayon, aliyekuwa mpiga gitaa na mwenyeji wao, ndiye aliyemwonyesha njia za vidole juu ya gitaa la kweli, na katika kikundi cha Dewayon kilichoitwa Watam mtoto huyo alionekana mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1953 alifika katika studio ya Loningisa, mali ya Mgiriki aliyeitwa Papadimitriou. Siku hizo wafanyabiashara wa Kigiriki ndio waliokuwa na mitambo ya kurekodi katika mji ule. Wao walikuwa na fedha na Waafrika walikuwa na nyimbo, na kila msomaji anaweza kukisia nani alifaidika zaidi. Mpiga gitaa mashuhuri Henri Bowane ndiye aliyemsikiliza kijana huyo wa miaka kumi na mitano, akampokea, akampa na jina fupi la Franco. Akatia sahihi mkataba, na mwaka huohuo santuri yake ya kwanza ikatoka.

Mwezi Juni 1956 wanamuziki kadhaa wa Loningisa walijikusanya ili wapige dansi kila mwisho wa juma katika baa iliyoitwa O.K., na bendi ikachukua jina la baa. Wengi huliona hili kuwa jambo dogo, lakini kwetu ni kubwa: siku ile Franco hakuwa kiongozi. Kiongozi alikuwa Jean Serge Essous, mpiga klarineti kutoka Brazzaville ng'ambo ya mto, mtu aliyemzidi umri na elimu. Walikuwapo pia Rossignol Lando, Vicky Longomba, De La Lune, Pandi, na wengineo. Franco alikuwa hajatimiza miaka kumi na minane. Wimbo wao wa kujitambulisha ulitumia lugha ya mabondia, kwamba mtu huingia O.K. na kutoka K.O., na huo ukawa wito wa bendi kwa muda wote wa maisha yake.

Kilichofuata ni wimbi la watu kuondoka. Mwaka haukwisha vizuri kabla Essous na Rossignol hawajavutwa na studio nyingine, wakaenda kuunda Rock-a-Mambo. Mwaka 1959 wanamuziki wa Brazzaville walirudi kwao na kuanzisha Bantous de la Capitale, nao wakachukua watu wa OK Jazz pamoja nao. Januari 1960, viongozi wa siasa walipokwenda Brussels kujadiliana na Wabelgiji juu ya uhuru, Kabasele alikwenda pia na African Jazz kuwatumbuiza wajumbe, na kutoka OK Jazz akawachukua Vicky na Brazzos. Huko Ulaya ulizaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha, ambao bara zima liliucheza. Franco alibaki nyumbani, akiwa kijana wa miaka 21, na nusu ya bendi imekwenda.

Katika kubaki huko ndipo alipokuwa mkuu. Hakuchaguliwa na mtu. Wakubwa walikwenda zao, na yeye alikuwa yupo, na gitaa likawa mkononi mwake. Alitafuta waimbaji wapya, akajaza nafasi zilizoachwa wazi, na dansi ya Jumamosi ikaendelea kama kawaida. Vicky aliporudi baadaye alipokewa, wakaongoza pamoja kwa miaka mingi. Wenye kujua habari za vikosi watatambua kwamba afisa aliyebaki na watu wachache wakati wa dhiki hapati shida ya kutiiwa wakati wa neema.

Tuseme neno juu ya muziki wenyewe, maana bila huo hayo mengine yasingekuwapo. Mjini Kinshasa zilikuwapo skuli mbili. African Jazz walipiga rumba laini, ya watu waliovaa suti, yenye harufu ya Kuba na ya Ulaya. OK Jazz walipiga rumba nzito zaidi waliyoiita odemba, iliyotoka katika ngoma za vijijini. Franco alizikamata nyuzi mbili kwa pamoja, kwa kidole gumba na cha shahada, akairudia sauti fupi moja mara kwa mara mpaka mchezaji akasahau kwamba ana nyumba ya kurudi. Sehemu hiyo, ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa kushika zamu, Wakongo huiita sebene. Wapo wapiga gitaa waliokuwa wepesi kuliko yeye, na Nico alikuwa mmoja wao. Hili tunalikubali leo, ingawa kantini tusingelikubali.

Wasomaji wetu wa polisi watataka kujua mambo yake na sheria, nayo si machache. Mwaka 1958 alifungwa kwa kosa la uendeshaji barabarani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, ana fedha kidogo na sifa nyingi, na kila askari wa barabarani anamjua kijana wa namna hiyo. Jambo la pili halikuwa la mzaha. Tarehe 2 Juni 1966 serikali ya Mobutu iliwanyonga hadharani mjini Kinshasa wanasiasa wanne, akiwamo aliyekuwa Waziri Mkuu, Évariste Kimba, mbele ya umati mkubwa. Baadaye Franco alitoa wimbo wa Luvumbu Ndoki, uliotokana na hadithi ya kale ya Wakongo juu ya mchawi mla watu wake. Hakumtaja yeyote. Lakini mji mzima ulielewa, na wakubwa walielewa pia: santuri ikapigwa marufuku, mwenyewe akahojiwa na askari wa usalama, kisha akavuka mto na kukaa Brazzaville mpaka hasira zilipopoa.

Baada ya hapo alijifunza kukaa na wenye nguvu, na sura hii ya maisha yake haitupendezi sana. Katika miaka ya 1970 Mobutu alipoamuru watu wayaache majina ya Kikristo na kushika ya asili, Franco akawa Luambo Makiadi, na bendi yake ikaizunguka nchi ikiitangaza siasa hiyo. Alipewa usimamizi wa Mazadis, kiwanda cha kuchapa santuri, akawa na klabu yake ya Un-Deux-Trois, akaongoza chama cha wanamuziki, na mwaka 1976 akavishwa nishani ya Chui. Mwaka 1984 alitoa wimbo mrefu wa kumpigia Mobutu kampeni katika uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja tu. Wapo wanaomtetea kwamba msanii katika nchi ile hakuwa na hiari. Sisi tunaona hiari ilikuwapo, ila bei yake ilikuwa kubwa, na yeye alikuwa na watu wengi wa kuwalisha.

Hata hivyo nishani haikumkinga. Mwaka 1978 kanda za nyimbo zake mbili zenye maneno machafu mno zilianza kuuzwa kwa siri mjini. Mwanasheria mkuu wa serikali alimwita, na inasimuliwa kwamba alimleta pia mama yake mzazi, akaziweka nyimbo zile zipigwe mbele yake. Mzee Hélène, aliyekuwa akiuza mandazi kwa gitaa la mwanawe, akayasikia aliyokuwa akiyaimba sasa. Franco alitiwa gerezani pamoja na kadhaa wa wanamuziki wake, akiwamo Simaro Lutumba, akanyang'anywa na nishani. Haikupita miezi mingi akatolewa, na nishani ikarudishwa. Miaka michache baadaye alitoa wimbo juu ya fundi cherehani aliyenyang'anywa sindano na mwenye nayo, asijue tena atashona kwa nini. Mwanasheria yule alikuwa ameondoka katika cheo chake. Watu walicheka, na hapakuwa na kesi.

Turudi kwenye kikosi. Mwaka 1969 alipokuwa safarini Ulaya, mpiga saksafoni wake hodari, Verckys Kiamuangana, alirekodi nyimbo zake mwenyewe na baadhi ya watu wa OK Jazz bila ruhusa. Franco aliporudi wakakosana, Verckys akaondoka na kuunda Vévé, na akawa tajiri kwa haki yake. Mwaka uliofuata msiba ukaingia nyumbani: tarehe 5 Agosti 1970 mdogo wake Bavon Marie Marie, mpiga gitaa wa Négro Succès aliyependwa na vijana, alikufa katika ajali ya gari. Yakaanza maneno mitaani kwamba Franco amemtoa ndugu yake kafara ili apate umaarufu. Aliyesikia gitaa likilia katika Kinsiona, wimbo wa kumwomboleza Bavon, hawezi kuyaamini maneno hayo. Aliacha kupiga kwa muda. Vicky naye akatoka karibu na wakati huo, na wengi wakasema OK Jazz imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Alijenga upya, na safari hii alijenga kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana. Mwaka 1972 akamchukua Sam Mangwana kutoka kwa Tabu Ley, jambo lililoutikisa mji wa Kinshasa kama vile jemadari amehamia upande wa adui. Baadaye Ndombe Opetum naye akatoka kwa Tabu Ley. Akaja Josky Kiambukuta, akaja Madilu. Mwaka 1974, walipokuja Muhammad Ali na George Foreman kupigana Kinshasa, OK Jazz walipanda jukwaa moja na James Brown na Miriam Makeba. Bendi ikaongezewa cheo cha Tout Puissant, yaani yenye nguvu zote. Katika miaka ya 1980 wanamuziki walikuwa zaidi ya thelathini, kiasi kwamba aliweza kuwagawa: nusu ikampigia Ulaya, nusu ikabaki ikipiga Kinshasa, na dansi zote mbili zikajaa.

Aliwashikaje? Kwanza, vyombo vilikuwa vyake. Katika nchi ambayo gitaa la umeme lilikuwa mali ya tajiri, anayeondoka aliondoka mikono mitupu, akaanza tena kutafuta mtu wa kumnunulia vyombo. Pili, aliacha wengine watunge. Wimbo wa Mabele wa mwaka 1974, ambao wengi wetu tuliudhania wa Franco, ulitungwa na Simaro na kuimbwa na Mangwana. Mwenye bendi alikuwa nyuma na gitaa lake tu. Viongozi wengi, wa muziki na wa mambo mengine, hawawezi hilo. Tatu, na hili ndilo linalotushangaza zaidi, alimpokea mtoro. Mangwana aliondoka, na mwaka 1982 wakarekodi pamoja tena. Youlou Mabiala, aliyemwoa binti yake, aliondoka kuanzisha bendi yake, akarudi, akaondoka tena. Vicky vivyo hivyo. Hakuna aliyefungiwa mlango daima. Alikuwa mkali, aliogopwa, mwili wake mkubwa ukiingia mahali mazungumzo yalipungua sauti. Lakini aliyemwudhi alijua kwamba siku moja anaweza kurudi na kukuta nafasi.

Simaro ndiye kielelezo cha upande wa pili. Aliingia OK Jazz mwaka 1961, akapiga gitaa la pili, akatunga mashairi ambayo wasomi wa Kikongo huyajadili mpaka leo, akafungwa na mkuu wake na kutoka naye, wala hakuondoka. Bwana mkubwa alipokuwa Ulaya, Simaro ndiye aliyekuwa akiiongoza bendi Kinshasa.

Mwaka 1985 ukatoka Mario, habari ya kijana msomi anayelishwa na kuvishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, asiyetaka kufanya kazi. Sidhani palikuwa na baa kati ya Kinshasa na Mombasa ambayo haikuupiga. Katika mesi tulikuwa tukiwatazama wenzetu fulani ulipopigwa, nao walikuwa wakitazama glasi zao.

Wimbo wa mwisho tutakaoutaja haukuchezwa sana, ingawa ni mrefu wa robo saa. Ulitoka mwaka 1987, nao ulikuwa wa kuwaonya watu juu ya ukimwi. Franco haimbi ndani yake, anahutubia. Anawaita watu wa kila tabaka mmoja baada ya mwingine, sauti nzito, magitaa yakienda chini. Sisi askari wa Uganda tulikuwa na sababu ya kusikiliza. Mwaka 1986 wenzetu 60 walikuwa wamepelekwa Kuba kwa mafunzo, wakapimwa, na 18 wakaonekana na virusi. Fidel Castro mwenyewe ndiye aliyemweleza Rais Museveni walipokutana mjini Harare mwezi Septemba mwaka huo, kama Rais alivyosimulia mara nyingi. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukisema ni uchawi, au ni maradhi ya wafanya magendo. Tuliokuwa kambini miaka ile tunaweza kuyahesabu majina, na hatutayahesabu hapa. Wapo waliozikwa kwa mizinga ambao tulikuwa tumecheza nao Mario.

Wakati huohuo mwili wa Franco ulianza kukonda. Yule mtu aliyejaza mlango akawa anakaa kitini jukwaani, mashati yakimpwaya, na minong'ono ikaenea kila mahali. Yeye aliendelea kusafiri na kurekodi. Septemba 1989 alipelekwa jukwaani mjini Amsterdam, akapiga kwa muda mfupi tu. Tarehe 12 Oktoba 1989 alifariki katika hospitali ya Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Chanzo cha kifo hakikutangazwa rasmi. Mwili ulirudishwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku nne za maombolezo, redio ya taifa ikapiga nyimbo zake tu, na akazikwa katika makaburi ya Gombe mbele ya umati ambao polisi walipata kazi kubwa kuuzuia.

Simaro aliichukua bendi. Waliendelea kupiga kwa jina lilelile la TPOK Jazz, wakisafiri na kurekodi, lakini familia ya marehemu na wanamuziki hawakukubaliana juu ya mapato, na kufikia mwisho wa mwaka 1993 mambo yalikuwa yameharibika kabisa. Mwaka 1994 Simaro, Josky na wenzao walianza upya kwa jina la Bana OK, maana yake watoto wa OK. Jina la zamani waliliacha. Simaro alifariki Paris tarehe 30 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka 81, miaka thelathini kasoro miezi michache baada ya mkuu wake.